Kopo Limeandikwa "Allergen Free"? Ligeuze Kwanza

Virutubisho vimefika hadi huku kwetu Kikwe, wilayani Meru. Vinauzwa kwenye duka la dawa muhimu, kwenye basi, kwenye semina za biashara ya mtandao, na kwenye status za WhatsApp za watu unaosali nao. Mengi ya makopo hayo yana maneno matamu kwa mbele: "Allergen Free", "Hypoallergenic", "100% Natural". Kama wewe au mwanao ana aleji ya maziwa, karanga, mayai, samaki au kamba, maneno hayo yasikulaze usingizi. Mbele ya kopo ni tangazo. Habari iko nyuma, kwa maandishi madogo.

Mbinu kuu ni moja, na nyingine zote zinaitegemea. Usiulize, "Hii ina aleji?" Uliza, "Hii ina maziwa?" Taja kitu kinachokudhuru kwa jina, kisha kisake kwenye lebo kwa majina yake yote. Hakuna kiwanda kinachoijua aleji yako. Unaijua wewe.

Jua ahadi inaishia wapi

"Allergen free" haina maana kwamba hakuna mtu atakayedhurika. Mara nyingi mtengenezaji anamaanisha kwamba hakuweka vitu vilivyo kwenye orodha ya sheria ya nchi yake. Na orodha hizo hazifanani.

Marekani orodha ina vitu 9: maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, karanga, njugu za miti kama korosho na lozi, ngano, soya na ufuta. Ufuta ulianza kudaiwa kwenye lebo tarehe 1 Januari 2023. Maana yake, kopo la zamani lililobaki kwenye rafu ya muuzaji linaweza kuwa na ufuta bila kuutaja waziwazi.

Umoja wa Ulaya una vitu 14. Wao wameongeza haradali, chaza na jamii yake, na vingine. Kwa hiyo kopo la Marekani lenye chaza linaweza kujisifu kwamba halina kitu chochote cha orodha, na kwa sheria ya kwao likawa sahihi. Wewe mwenye aleji ya chaza ndiye utakayeumia.

"Hypoallergenic" ni legevu zaidi. Kwenye virutubisho, neno hilo halina kipimo cha kisheria ambacho bidhaa inapaswa kukifikia. Lichukulie kama neno "bora" kwenye bango la duka. Halikusaidii kuamua.

Kumbuka kwamba "free" si sifuri

Chukua gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai. Kwa kipimo cha Codex, ambao ni mfumo wa kimataifa wa viwango vya chakula, bidhaa huitwa "gluten free" ikiwa haizidishi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya watu wenye siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni. Kwa aleji nyingine nyingi hakuna hata namba kama hiyo iliyokubalika. Mtengenezaji anajipimia mwenyewe, au hapimi kabisa.

Usidhani lebo husema kweli siku zote

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipima aina 22 za probayotiki, yaani virutubisho vya bakteria wa tumboni, zilizokuwa zinauzika sana. Kumi na mbili zilikutwa na gluteni, zikiwemo zilizoandikwa kwamba hazina. Nyingi zilikuwa na kiasi kidogo, lakini nne zilivuka kile kikomo cha 20.

Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York aliyaandikia maduka manne makubwa kuhusu virutubisho vya mitishamba vilivyopimwa kwa DNA. Kwenye kopo moja lililodai kuwa halina ngano, ngano ilionekana. Wenye maduka waliipinga njia ya upimaji, na wapo wataalamu waliowaunga mkono, kwa sababu DNA ya mmea inaweza kuharibika kiwandani. Hata hivyo wewe chukua funzo lako: kama yanatokea huko kwenye maabara kila kona, usilipe kopo imani usiyompa muuza nyanya.

Soma nyuma kwa hatua tatu

Shika kopo, tafuta mwanga, washa kamera ya simu na ukuze maandishi. Dakika tatu zinatosha.

Hatua ya kwanza, tafuta neno "Contains". Likiwa na jina la kitu chako mbele yake, umemaliza. Rudisha kopo.

Hatua ya pili, soma "Ingredients" yote, halafu shuka hadi "Other ingredients". Hapa chini ndipo panapofichika mambo. Watu wengi husoma vitamini na madini yaliyo juu, wanaacha vijazio, gundi na ganda la kidonge. Laktosi ya maziwa hutumika kujaza vidonge. Lesithini ya soya hutumika kuchanganya mafuta. Ganda laini la kapsuli mara nyingi ni jelatini, na jelatini inaweza kutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki.

Hatua ya tatu, tafuta "May contain" au maneno yanayosema kiwanda hicho hutengeneza pia bidhaa zenye karanga, maziwa na kadhalika. Yakiwepo, yaamini. Yasipokuwepo, usishangilie. Onyo hili kwa kawaida ni la hiari. Kiwanda kinaweza kulikalia kimya na kisivunje sheria.

Ukitaka kuelewa kinachotokea, fikiria mashine ya kusaga ya mtaani. Umepeleka mahindi yako safi, lakini aliyekutangulia alisaga unga wa lishe wenye karanga na soya. Unga wako wa kwanza unatoka na vumbi la mwenzako. Kiwanda kinachojaza makopo ya protini asubuhi na vitamini mchana kwenye laini moja kina kazi hiyohiyo ya kusafisha.

Beba orodha ya majina ya siri

Kitu kimoja kina majina mengi. Nakili mstari unaokuhusu kwenye simu yako, uwe unaufungua kila unapotaka kununua.

- Maziwa: milk, whey, casein, caseinate, lactose, lactalbumin, colostrum, ghee.
- Mayai: egg, albumin, ovalbumin, lysozyme.
- Soya: soy, soya, soy lecithin, soy protein isolate. Ukiona "lecithin" peke yake, uliza imetoka wapi.
- Karanga: peanut, groundnut, arachis oil, *Arachis hypogaea*.
- Ngano na ndugu zake: wheat, barley, rye, malt, wheat germ.
- Kamba na kaa: shrimp, prawn, crab, shellfish, crustacean, krill, chitosan, na glucosamine isiyosema imetoka wapi.
- Samaki: fish oil, cod liver oil, fish gelatin, marine collagen.
- Chaza na jamii yake: oyster, oyster shell, mussel, mollusc.
- Ufuta: sesame, tahini, *Sesamum indicum*.
- Nyuki: royal jelly, bee pollen, propolis, honey.

Kama Kiingereza kinakusumbua, usione aibu kuomba msaada. Nambala kuna wanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela, na wengi wamepanga mitaani. Mpelekee mmoja picha ya lebo, atakusomea. Simu yenye Google Lens nayo inatafsiri maandishi papo hapo, ingawa majina ya Kilatini inaweza kuyapita tu. Hayo yatafute moja moja.

Usisahau nyuki

Mazao ya nyuki hayamo kwenye vile vitu 9 vya Marekani wala 14 vya Ulaya. Kopo la "royal jelly" linaweza kuandikwa "allergen free" na muuzaji akakuapia.

Lakini royal jelly imewahi kuleta pumu kali na mshtuko wa aleji. Australia kulitokea hadi vifo, ndiyo maana huko lebo zake zinadaiwa kubeba onyo kwa watu wenye pumu na aleji. Kama una pumu, au ulishawahi kuvimba vibaya baada ya kuumwa na nyuki, royal jelly, chavua na propolis uziache mpaka umeongea na daktari. Hata kama jirani amezitumia na ngozi yake imeng'aa.

Angalia hasa dawa za mifupa na viungo

Ukanda wetu wa Maji ya Chai, Ngurdoto na Kikwe unajulikana kwa maji yenye floridi nyingi. Meno ya kahawia unayaona kila siku. Floridi ikizidi kwa miaka mingi hugusa hata mifupa na viungo. Kwa hiyo mtu akija na "dawa ya magoti" huku kwetu, ana soko tayari. Wateja wake ni wazee wetu.

Bidhaa hizo ndizo zenye mtego mkubwa zaidi kwa mwenye aleji ya vitu vya baharini. Glucosamine nyingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa. Chitosan vilevile. Kalsiamu nyingine hutoka kwenye gamba la chaza. Kolajeni iliyoandikwa "marine" inatoka kwa samaki.

Tuseme babu ameletewa kopo. Mbele kuna picha ya goti linalong'aa, jani la kijani na maneno "Allergen Free". Unaligeuza. Juu kabisa: Glucosamine Sulfate 2KCl, halafu namba za miligramu. Hakuna kamba anayeonekana. Unashuka. Chini ya jedwali, kwa herufi za ukubwa wa punje ya ulezi: "from shellfish". Kopo moja, kauli mbili. Ya nyuma ndiyo unayoifuata.

Sema ukweli wote kwa babu. Aleji ya kamba kwa kawaida huletwa na protini za nyama, si gamba, na wengi wenye aleji hiyo wamewahi kutumia glucosamine bila kudhurika. Lakini usafi wa kiwanda huujui, na aliyewahi kubanwa kifua kwa kamba hana sababu ya kujaribu. Ipo glucosamine inayotengenezwa kwa kuchachusha mahindi. Kama lazima atumie, atafute hiyo, na daktari ajue.

Na kopo lolote halitoi floridi kwenye maji. Pesa hiyo ya kopo inaweza kufanya kazi zaidi ikinunua maji ya kunywa na kupikia yenye floridi ndogo, au ikichangia tangi la kukinga maji ya mvua.

Kwepa maneno yanayofanana lakini si sawa

"Lactose free" si "milk free". Laktosi ni sukari ya maziwa. Aleji ya maziwa husababishwa na protini. Mtoto mwenye aleji ya maziwa anaweza kudhurika na kitu kisicho na laktosi. Kwa upande mwingine, mtu ambaye loshoro ya maziwa humjaza gesi tu huenda hana aleji kabisa, anasumbuliwa na laktosi. Hawa ni watu wawili tofauti. Jua wewe ni yupi kabla hujanunua.

"Non-dairy" inaweza kuwa na kesini ya maziwa ndani. Soma nyuma.

"Vegan" inasema mtengenezaji hakukusudia kuweka kitu cha mnyama. Haisemi chochote kuhusu karanga, soya, ngano wala ufuta. Wala haisemi laini ilisafishwa vipi.

"Natural" haikulindi. Karanga ni asili. Sumu ya nyuki ni asili.

"FDA approved" kwenye kirutubisho ni uongo wa wazi. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho haviidhinishwi na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, kabla ya kuuzwa. Ukisikia muuzaji anajivunia hilo, umeshajua jinsi ya kupima maneno yake mengine.

"GMP", "ISO" na "Halal" ni alama za mambo mengine. Zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado kopo likawa na maziwa.

Mhoji muuzaji bila kugombana

Mara nyingi muuzaji ni mtu wenu. Ni mama wa kikoba, au shemeji aliyejiunga juzi na anahitaji pointi. Huna haja ya kumvunjia heshima. Uliza kwa upole, lakini usiondoke kwenye swali.

"Mama Neema, asante kwa kunifikiria. Mwanangu maziwa yanamdhuru. Kwenye kopo hili kuna whey au casein?"

"Hii haina kemikali mwanangu, ni lishe tupu. Hata watoto wachanga wanakunywa."

"Nimekuelewa, mama. Naomba tu niipige picha hapa nyuma, nisome nyumbani."

Ona kilichotokea. Uliuliza maziwa, ukajibiwa kemikali. Hilo si jibu. Huenda hajui, na si kosa lake peke yake, maana semina humfundisha kuuza. Piga picha, shukuru, ondoka. Anayeuza kitu kizuri hatakataa picha.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, tuma ujumbe kwa kampuni yenyewe. Andika hivi: "Nina aleji ya maziwa. Bidhaa yenu fulani, batch namba fulani, ina kiungo chochote kinachotokana na maziwa? Inajazwa kwenye laini moja na bidhaa zenye maziwa? Je, mnapima kila batch?" Ukijibiwa "bidhaa zetu ni salama kwa wote", chukulia hujajibiwa.

Kagua usajili, lakini jua mipaka yake

Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula na dawa imegawanywa. TFDA ya zamani ikawa TMDA, inayosimamia dawa na vifaa tiba. Usimamizi wa chakula ukahamia Shirika la Viwango, TBS. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Kwa hiyo uliza: "Hiki kimesajiliwa kama chakula au kama dawa?" Akisema chakula, ulizia TBS. Akisema dawa, ulizia TMDA. Akisema chakula kwenye lebo halafu mdomoni kinatibu sukari, presha na goti, hapo kuna tatizo. TMDA ina orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yake. TBS na TMDA zote zina ofisi za kanda Arusha mjini, na kuuliza hulipi kitu.

Usajili ni hatua nzuri, ila hautoshi. Unakuambia bidhaa inajulikana. Haukuambii kwamba wewe na aleji yako mko salama. Bado unageuza kopo.

Na haya yaache bila mjadala: kopo lisilo na lebo, unga uliopimwa upya kwenye kimfuko cha nailoni, lebo ya lugha ambayo wewe na muuzaji wote hamuisomi, kopo lililofunguliwa muhuri, na bidhaa isiyo na batch namba wala tarehe ya mwisho.

Unga wa lishe nao ni kirutubisho

Watu wanaogopa makopo ya Ulaya na kusahau unga wa lishe wa nyumbani. Mwingi una karanga na soya. Mwingine una ngano, na mwingine umetiwa dagaa. Ukinunua sokoni Tengeru au popote, muulize aliyeuchanganya, si aliyeubeba. Kwa mtoto mwenye aleji, changanya mwenyewe nafaka unazozijua, na omba mashine isage kwanza kilo moja ya mahindi ya kusafishia ambayo hutampa yeye.

Dozi ya kwanza iwe na utaratibu

Kama ulishawahi kuvimba koo, kubanwa kifua au kuzimia kwa sababu ya chakula, usijijaribie nyumbani. Nenda kwa daktari kwanza.

Kama aleji yako ni nyepesi na lebo umeisoma, anza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukianza vitatu pamoja, kimoja kikikudhuru hutajua kipi. Meza mchana, ukiwa na mtu mzima karibu na simu yenye chaji. Usimeze mara ya kwanza usiku, wala ukiwa peke yako shambani.

Kila kopo jipya ni bidhaa mpya. Hata kama ni chapa ileile, viungo hubadilika. Soma tena.

Mama mjamzito, mtoto mdogo, na yeyote anayemeza dawa za kila siku: kliniki kwanza, kopo baadaye.

Mambo yakiharibika

Dalili za hatari ni hizi: vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika kunakoambatana na vipele, kizunguzungu au kuzimia. Zikija kwa kasi, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili, hiyo ni dharura.

Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Piriton na setirizini hupunguza muwasho, lakini hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoshuka. Maziwa, mkaa na limao havisaidii. Usipoteze muda.

Mlaze mgonjwa chali, miguu juu. Akishindwa kupumua, mkalishe na miguu iwe imenyooshwa. Asisimame wala asitembee, kwa sababu presha inaweza kuporomoka ghafla. Kwa hiyo usimpandishe bodaboda. Tafuta Noah, bajaji au gari la jirani, alale kiti cha nyuma. Beba kopo pia, daktari atalihitaji.

Jambo hili lipange mapema, si siku ya tukio. Pita kituo cha afya kilicho karibu nawe na uulize, "Mna adrenalini?" Ukijibiwa hapana, jua safari yako inaelekea Hospitali ya Wilaya ya Meru au Mount Meru mjini. Weka namba ya dereva mwenye gari kwenye simu. Na hata mgonjwa akipata nafuu, akae kwenye uangalizi kwa saa kadhaa. Dalili zinaweza kurudi.

Toa taarifa, usinung'unike kibarazani

Lebo ya uongo haiondoki sokoni kwa sisi kusimuliana. Tunza kopo na vilivyobaki ndani, risiti, picha ya mbele na nyuma, batch namba, jina la duka, saa uliyomeza na saa dalili zilipoanza.

Ikiwa ni dawa, mwombe mhudumu wa afya ajaze fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara. Ikiwa inauzwa kama chakula, peleka TBS. Kama umedanganywa na tangazo, Tume ya Ushindani, FCC, hushughulikia udanganyifu kwa mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003. Ukiona mlolongo ni mrefu, anza na afisa afya wa kata, au nenda Halmashauri ya Meru pale Usa River. Malalamiko yenye kopo na risiti mkononi husikilizwa kuliko maneno matupu.

Leo jioni fanya haya

Toa makopo yote yaliyo kabatini na kwenye mkoba wa bibi. Lisilo na lebo, liweke kando lisitumike. Yenye lebo, yageuze moja moja na uyapitishe kwenye orodha ya majina uliyonakili.

Kisha andika ujumbe mmoja kwenye grupu la familia: jina la mtoto, kitu kinachomdhuru, majina yake ya kwenye lebo, na namba ya dereva. Mwambie kila anayemlea, kuanzia shangazi hadi mwalimu wa chekechea, kwamba mtoto huyu hapewi kidonge, unga wala juisi ya kopo kabla picha ya nyuma haijatumwa kwako. Atakayekuona msumbufu, mwache akuone hivyo. Picha itumwe.